Mvua ya Uongo Kisima cha Saba

1

Mvua ya kweli ilinyesha Alhamisi alasiri, na Sekela Mwaipaja aliiona kwa macho yake mwenyewe.

Alikuwa nje anaanika shuka. Upande wa kaskazini, mbali sana, wingu lilikuwa limekaa juu ya nchi nyekundu, jeusi kwa chini na jeupe kwa juu, na tumboni mwake likateremka pazia la kijivu hadi likagusa ardhi. Sekela aliiacha shuka ikining'inia kwa kibanio kimoja. Kwao Tukuyu mvua si habari ya kumwambia mtu. Lakini hapa, katikati ya Australia, alikuwa hajaona hata tone tangu siku aliyoshushwa kituoni na sanduku lake, miezi kumi na minne iliyopita.

"Haya sasa," alisema kwa sauti. Siku hizi alikuwa anajisemesha sana.

Aliingia ndani haraka, akaketi kwenye kiti cha kazi na kuvaa kofia.

Kofia yenyewe ilikuwa nyepesi kama ile ya kuogelea. Ukishaifunga kidevuni unapata ganzi kidogo nyuma ya masikio, halafu haupo tena chumbani. Sekela sasa alikuwa kilomita nne kutoka kituoni, amelala ubavu chini ya mgunga mfupi, katika shimo la kina cha kiganja lililochimbwa asubuhi ili kuufikia udongo wa ubaridi. Mkia ulitulia nyuma yake, mzito kama gogo. Alikuwa analamba mikono, kutoka kwenye vidole hadi kiwikoni, taratibu, kwani mate yakikaukia pale damu hupoa. Tumboni, ndani ya mfuko, kitu kilijigeuza na kumpiga teke.

Mnyama aliyekuwa akimwazima Sekela pua na masikio yake aliitwa Thelathini na Moja. Alikuwa kangaruu jike wa miaka sita, mmoja kati ya kundi la sitini na wawili lililokuwa likinywa maji Kisima cha Saba. Jua likiwa kali walilala vivulini, jioni na alfajiri wakala. Ndivyo walivyoishi siku zote, wao na waliowatangulia.

Upepo ukageuka. Ukaja na harufu.

Sekela aliitambua kabla hata hajafikiri: udongo mkavu uliopigwa na maji. Akangoja. Kangaruu wa nyikani akipata harufu ile husimama, hugeuza masikio, kisha huondoka. Akitembea umbali wa siku mbili tatu hufika mahali ambapo nyasi mpya zinachipua. Kufuata harufu hiyo ndiyo akili yao yote ya kuushinda ukame.

Thelathini na Moja alitikisa sikio kumfukuza nzi. Kisha akaendelea kulamba mkono.

Harufu ilizidi. Sekela aliisikia ikijaa puani mwa mnyama, akasikia pia jinsi mwili wake ulivyokaa kimya, kama mtu anayeitwa jina ambalo si lake. Akahamia kwa mwingine, dume mkubwa namba Tano. Dume alikuwa amelala. Akahamia kwa Arobaini, kwa Kumi na Nane, kwa Hamsini na Saba. Wote walinusa. Hakuna aliyeinua kichwa.

Alivua kofia, akaitazama mezani. Jibu alilijua, ila hakutaka kuwa wa kwanza kulisema.

Nyuma ya sikio la kila mnyama katika kundi lile palikuwa na mbegu, kidude kidogo kuliko punje ya mtama, kilichounganishwa na mshipa wa harufu. Kampuni iliyomleta Sekela ilizipandikiza miaka mitatu nyuma, baada ya kuzijaribu kwa nyumbu huko kwao Afrika Mashariki. Ndiyo maana ikaajiri waganga wa mifugo kutoka huko. Mbegu ndizo zilizoleta hisia za mnyama kwenye kofia, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuwapa wanyama mvua. Wakisogelea barabara ya malori, unawapa harufu ya mvua upande wa kusini, nao wanaondoka barabarani. Wakimaliza nyasi za bonde hili, unawapa mvua bonde la pili. Hakuna uzio, hakuna risasi, hakuna mbwa. Sekela alipofundishwa aliona ni kazi ya huruma.

Ila wakifika hawakuti mvua. Aliyemtangulia aliwapa mvua ya uongo mara mia na ushei. Yeye mwenyewe aliwapa mara themanini na sita.

2

Noreen, fundi wa visima, alifika Ijumaa asubuhi na lori lake lililojaa mabomba. Alikuwa mwanamke wa hamsini na kitu, mzaliwa wa nchi ile, mama yake na bibi yake wamezikwa humohumo. Alipita kila baada ya wiki mbili kukagua pampu, na ndiye binadamu pekee ambaye Sekela alimwona uso kwa uso. Walizungumza Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi yake.

"Pampu yako inavuta hewa," Noreen alisema akijifuta mikono kwa kitambaa cheusi kwa mafuta. "Maji ya chini yameshuka. Nimeongeza bomba mpaka mwisho, hakuna zaidi."

"Zimebaki siku ngapi?"

"Sita. Wakinywa kwa adabu, nane." Alipokea chai, akaweka sukari vijiko vinne. "Lakini si wataondoka? Kaskazini imenyesha, mwendo wa kilomita thelathini na tano hivi. Jana jioni nimesimamisha lori nusu saa nzima, makundi yanavuka barabara. Wadogo kwa wakubwa. Hata yale majike ya kijivu yenye vitoto mfukoni."

Sekela alikoroga chai yake.

"Wako nao wameondoka?"

"Wamelala."

Noreen aliweka kikombe chini. "Wamelala vipi?"

"Wamenusa, nimesikia wakinusa. Hawaamini." Neno lilimtoka kwa shida. "Tumewadanganya mpaka hawaamini tena."

Sekela alitarajia alaumiwe, na pengine angefarijika. Lakini yule mama alisema tu, "Basi mnahitaji kufanya kitu kabla ya Alhamisi ijayo," akaenda kufunga zana zake.

Lori lilipoondoka, vumbi lake lilikaa hewani muda mrefu. Sekela alilitazama mpaka likaisha.

3

"Dada Sekela, salama huko?" Bwana Nyamweya, msimamizi wake, alikuwa Mkisii aliyekaa Perth miaka kumi na miwili. Uso wake kwenye kioo cha kompyuta ulikuwa wa mtu ambaye hajapata usingizi.

"Si salama, Bwana Nyamweya. Ripoti umeiona?"

"Nimeiona. Na si wewe pekee. Kisima cha Nne wako hivyo, cha Kumi na Moja wako hivyo. Huku watu wanakimbizana ofisini tangu jana." Alijikuna shingo. "Nisikize. Uamuzi umeshatolewa. Mvua imekufa, lakini moshi ungali hai. Tutatumia moshi."

Sekela alijua angesema hivyo. Mbegu zilikuwa na harufu mbili. Ya pili haijawahi kutumika kwa sababu ya kwanza ilitosha: ilikuwa harufu ya moto wa nyika, karibu kabisa, upande wa upepo.

"Ukiwapa moshi kutoka kusini watakimbia kaskazini," Nyamweya aliendelea. "Siku moja, siku moja na nusu, wamefika kwenye nyasi. Wamepona."

"Watakimbia, ndiyo. Na majike?"

Nyamweya alijikuna tena shingo.

"Bwana Nyamweya, nina majike ishirini na mawili yenye watoto mfukoni. Unajua jike akikimbizwa anafanya nini. Misuli ya mfuko inalegea, mtoto anadondoka, mama anakuwa mwepesi, anapona. Hapangi kufanya hivyo. Mwili ndio unaoamua."

"Najua, dada."

"Watoto ishirini na wawili."

"Na mama ishirini na wawili hai, ambao kila mmoja ana kiinitete kingine tumboni kinachongoja zamu yake. Ni wewe uliyenifundisha hayo." Hakuwa anakejeli. Ni kweli Sekela alimweleza, kwa furaha kama ya mtu anayesimulia habari za nyumbani, jinsi jike wa kangaruu anavyoweza kubeba mtoto mfukoni huku mimba changa imesimama ndani, si kubwa kuliko ncha ya kalamu, ikisubiri mfuko uwe wazi. "Ukiacha, watakufa wote hapo kisimani. Wakubwa na wadogo. Hiyo ndiyo hesabu, na mimi sijaipenda."

"Kuna njia ya tatu."

"Kuzima." Alitikisa kichwa. "Ukizima mbegu haziwaki tena, unajua. Na mshipa unahitaji siku tano, pengine kumi, kabla pua haijarudi kuwa yao. Maji ni ya siku sita. Na hata wakinusa, nani kasema wataamini?"

"Hakuna aliyesema."

"Kampuni itakuachisha kazi siku hiyohiyo. Mradi wote unasimama juu ya hizo mbegu." Sauti yake ikapungua. "Na hutawasikia tena. Wewe unavaa ile kofia saa kumi kwa siku, dada. Naona kwenye kumbukumbu. Sijakuuliza kwa nini."

Sekela aliangalia mikono yake.

"Nakupa mpaka Jumapili asubuhi," alisema Nyamweya. "Ukishindwa, tutabonyeza moshi sisi wenyewe kutoka huku."

4

Jioni ile alimpigia mdogo wake. Kwao ilikuwa saa nane mchana.

"Ugonile, dada!" Tumpe alipiga kelele kushinda kishindo kilichokuwa nyuma yake. "Hunisikii? Mvua hii! Tumefungiwa jikoni tangu asubuhi, mama anasema viazi vitaoza."

Sekela alimwuliza hali ya mama, na ya watoto, na kama lile paa la stoo limetengenezwa. Tumpe alijibu yote kwa pamoja. Mtoto fulani alilia, akanyamazishwa. Sufuria lilifunikwa.

"Na wewe? Mbona umepoa hivyo?"

Angeanzia wapi? Tangu mumewe Ambonisye afariki, nyumba yao ya Tukuyu ilikuwa imekuwa kubwa ghafla, na alipoona tangazo la kazi ya mbali alisaini bila kusoma kurasa zote. Alidhani upweke ukiupeleka mahali pakavu hukauka. Miezi ya kwanza alizungumza na redio. Kisha akagundua kofia. Hakuwa analazimika kuivaa zaidi ya saa mbili kwa siku, ila ndani ya kofia kulikuwa na moyo mwingine unaopiga, na joto la wengine wamelala karibu, na kitoto kilichokuwa kikitoa kichwa mfukoni kutafuna nyasi zilezile anazotafuna mama yake. Thelathini na Moja hakujua kwamba Sekela yupo. Lakini Sekela alijua.

"Nimechoka tu," alisema. "Tumpe, hebu weka simu chini. Usikate. Iweke tu hapo dirishani."

"Niiweke? Kwa nini?"

"Nisikilize mvua."

Kulikuwa na mtikisiko, na bati likaanza kuunguruma sikioni mwake. Tumpe alimwachia dakika ishirini nzima. Hakuuliza tena.

5

Jumamosi alfajiri Sekela alifanya jambo ambalo baadaye hakuwahi kumsimulia mtu.

Alijiambia kwamba lazima ajue kwa hakika. Pengine moshi mdogo kabisa, wa kiwango cha chini, ungewaondoa taratibu bila hofu. Alichagua mmoja, jike namba Kumi na Nane, aliyekuwa anakula pembeni peke yake. Alivaa kofia ili apime mwenyewe. Kundi lilikuwa wazi kwenye majani makavu, wakijongea kwa ule mwendo wao wa kula: mikono miwili chini, mkia chini kama mguu wa tano, kisha miguu mikubwa ya nyuma inavutwa mbele pamoja. Palikuwa shwari. Sekela alibonyeza moshi, kiwango cha kwanza, akahesabu moja mpaka tatu, akaachia.

Hapakuwa na taratibu yoyote. Dunia ilipasuka. Kumi na Nane aliruka kabla ya pumzi ya pili, mita sita, mita saba kwa mruko mmoja, na Sekela ndani yake hakuwa na wazo lingine ila kukimbia. Kisha akausikia mfuko ukilegea. Ulilegea kama kiganja cha mtu anayesinzia kinavyoachia kitu alichoshika. Uzito ukatoka. Miguu ikawa myepesi, na mwili wote ukafurahia wepesi huo.

Alivua kofia. Akaingia kwenye gari, akavunja sheria ya kituo ya kutokaribia kundi chini ya mita mia tano wasije wakazoea harufu ya mtu, akaendesha moja kwa moja juu ya vichaka. Ilimchukua dakika kumi na tano. Tai wawili waliruka kwa uvivu alipofika, mabawa yao mapana kama milango.

Kisha alitoa koleo kwenye gari, akachimba, akafukia kidogo kilichobaki cha kitoto.

Aliporudi kituoni hakunawa mikono. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la chuma, akatoa ufunguo wa dharura wa kuzima mbegu, akaketi. Kabla ya kuuzungusha alivaa kofia mara moja tena. Thelathini na Moja alikuwa amesharudi kivulini. Kitoto chake kilikuwa kinanyonya. Jike alikuwa anatazama mahali ambapo hapakuwa na kitu, masikio yake yakizunguka moja moja, kila moja upande wake. Moyo ulipiga polepole. Sekela alikaa naye hadi mate ya mkono wa kushoto yalipokauka.

"Haya, mama," alisema. "Nisamehe."

Akazungusha ufunguo.

Alidhani angesikia kitu, mlio au maumivu. Hakusikia lolote. Alibaki na kofia kichwani, na friji ikinguruma jikoni, na kidole chake kikiwa na udongo ndani ya kucha.

6

Nyamweya alipiga simu ndani ya saa moja. Alimsomea barua kwa sauti ya ofisini: mkataba umevunjwa, gari litamfuata baada ya siku kumi na mbili, asiguse mitambo. Alipomaliza aliikunja karatasi.

"Mimi ningebonyeza moshi," alisema. "Nakwambia ukweli, dada. Mpaka sasa nadhani umekosea."

"Huenda nimekosea."

"Basi, Mungu akusaidie."

Kulikuwa na tangi la maji la kituo, lita elfu nane, lililokuwa lake la kunywa, kupikia na kuoga. Alihesabu yake ya siku kumi na mbili, akaweka alama kwa chaki. Yaliyobaki aliyaita yao. Kila siku alijaza mapipa matatu nyuma ya gari, akaenda kumwaga kwenye birika la saruji la Kisima cha Saba, kisha akarudi nyuma hadi kilimani na kungoja na darubini. Mara ya kwanza walikataa kusogea mpaka jua lilipotua. Walinusa ukingo wa birika pale alipogusa, wakarudi nyuma, wakasimama na kiu yao. Ndipo akajifunza kuvaa glavu.

Siku ya tatu dume mkubwa kuliko wote, bila shaka yule aliyekuwa Tano, hakuamka. Siku ya nne walikufa watatu, wadogo walioachishwa mfuko karibuni, ambao katika ukame ndio hutangulia, maana maziwa ya mama hukauka nao bado hawajui kushindana kwa majani. Sekela aliiburuta mizoga mbali na maji, mmoja mmoja, usiku ukikaribia kuingia. Siku ya tano wanne. Siku ya sita mmoja.

Noreen alipita siku ile bila kuwa zamu yake. Lori lilikuwa na tangi la plastiki lenye maji nusu.

"Nimeiba," alisema. "Usiulize wapi." Walisimama kilimani, wakipokezana darubini. "Jana usiku imenyesha tena huko juu. Nyasi zimefika hapa." Akagusa kifundo cha mguu.

"Wananusa?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyekuwa na kofia."

Sekela alicheka, mara ya kwanza kwa wiki nyingi, kicheko kikavu kilichomuumiza kifua. Noreen alimwachia tangi, mkate na makopo mawili ya maharage, akaondoka kabla jua halijazama.

7

Siku ya saba alfajiri upepo ulikuwa wa kaskazini.

Sekela alikuwa amelala ndani ya gari, kilimani. Aliamshwa na baridi, akafuta ukungu kwenye kioo na kutazama chini. Jike mmoja mzee, mwenye sikio lililochanika, alikuwa amesimama wima kwa miguu ya nyuma na mkia, mikono imeshushwa kifuani. Uso wake ulielekea kaskazini. Alikaa hivyo muda mrefu mno. Kisha akainama, akajongea hatua moja, akasimama tena. Hatua nyingine.

Mwingine aliinuka. Halafu wawili. Hakukuwa na amri wala mkuu wa msafara. Kila mmoja alinusa kwa pua yake, akafikiri kwa namna yake. Wengine walisimama wakalala tena. Kijana mmoja alikwenda, akarudi, akaenda.

Sekela alitoka ndani ya gari. Hakukusudia. Alijikuta anateremka kilima kwa miguu, glavu mkononi, kwani alikuwa ameingiwa na hamu ambayo hakuweza kuizuia: alitaka kumwona Thelathini na Moja. Mwaka mzima na zaidi alikuwa amelala ndani ya mwili ule, anaijua ladha ya kiwiko chake na uzito wa mkia wake, lakini hakuwahi kuiona sura yake hata siku moja. Mnyama hajioni. Na sasa mbegu zilikuwa zimekufa, hakuna namba, hakuna ramani.

Majike ya kijivu yalikuwa mengi. Yote yalikuwa na nyuso ndefu za upole, kope ndefu, mistari myeupe shavuni. Mmoja, aliyekuwa karibu zaidi, mita sitini hivi, alikuwa na mfuko uliojaa, na kichwa kidogo kilichungulia.

Inawezekana ni yeye. Inawezekana si yeye.

Sekela alisimama. Kooni mwake akajaribu ule mlio mdogo, tk, tk, tk, ambao mama hutumia kumwita mtoto wake arudi karibu. Alikuwa ameusikia mara nyingi kutokea ndani, hakuwahi kuutoa kwa kinywa chake.

Jike aligeuka. Masikio yote mawili yakamlenga. Walitazamana.

Kisha jike akainua miguu ya nyuma na kuipiga chini kwa nguvu, puu, kama mchi kinuni. Ndivyo wanavyoambiana kuna hatari. Waliokuwa wamesimama wakanyanyua vichwa, wakamwona mtu amesimama katikati ya uwanda, na kitoto kikazama mfukoni kichwa chini, na mfuko ukafungwa. Wakakimbia. Hakukuwa na moshi. Walikimbia kwa kipimo chao, wakiruka juu ya vichaka kama mawimbi, na hakuna kitu kilichodondoka. Walikimbia kaskazini.

Alijaribu kuwahesabu kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya. Arobaini na wanne. Alihesabu mpaka wakawa madoa, mpaka madoa yakawa vumbi, mpaka vumbi likawa nchi ileile ya kila siku. Wakifika au wasipofika, hatajua. Hakuna atakayejua.

Alipogeuka aliwaona waliobaki. Tisa walikuwa bado wamelala kwenye mashimo yao chini ya migunga, wengine wamefumba macho. Mmoja alikuwa analamba mkono.

Sekela aliwatazama, akapiga hesabu ya alama ya chaki na ya tangi la Noreen. Kisha akapanda kilima taratibu, akizunguka kwa mbali ili asiwashtue, akawasha gari, akaenda kuleta maji.